Tumbo la Daraja

Jumatatu, 3 Machi

Lori la kikapu limefika, lile lenye mkono mrefu wa kuinulia watu! Miaka yote nimekagua daraja la mto kwa darubini, miguu kwenye matope, shingo imepinda kama mpini wa mwavuli. Leo nimepandishwa mpaka chini ya tumbo lenyewe, nikaligusa kwa mkono. Kuna giza huko, kuna baridi, na kunanuka popo.

Niko na Kipimo, mwenzangu wa kazi. Jina hilo tulimpa kwa sababu hata chai huichunguza kabla ya kuinywa. Haogopi kwenda juu hata chembe. Anaogopa popo! Mmoja alimpitia sikioni, akapiga ukelele, mwendesha lori akadhani tunaanguka, akatushusha mbiombio. Tumecheka mpaka machozi.

Upande wa ukingoni tumeumaliza. Kutu ya kawaida tu. Ila matundu ya kutolea maji barabarani yote yameziba — mchanga, majani, chupa. Maji hayasubiri mtu ayazibulie. Yanashukia kwenye chuma.

Nyumbani mama mkwe kaniuliza nimeshindaje. Nikamwambia nimeshinda nikilipapasa daraja tumbo. "Haya," akasema, "lina miezi mingapi?" Alikuwa mkunga huyu. Kwake kila tumbo lina miezi.

Jumanne, 4 Machi

Nimetulia sasa, naweza kuandika.

Mhimili wa tatu, katikati ya mto. Nimeona mstari wa kutu, mwembamba kama unywele, umeanzia penye mshono wa kuchomelea. Kutu haichori mstari ulionyooka hivyo bila sababu. Tukasugua kwa brashi ya waya. Tukapuliza rangi nyekundu, tukaipa muda izame, tukaifuta kabisa, tukapuliza poda nyeupe. Halafu unakaa unaangalia. Chuma kikiwa kizima, poda inabaki nyeupe.

Haikubaki. Wekundu ulitokeza polepole, kama damu kwenye kidole ulichojikata bila kujua. Ufa! Mrefu kuliko kiganja changu. Nikaweka kidole juu yake, lori likapita barabarani, nikausikia ukifunguka na kujifunga. Unapumua!

Kipimo kawasahau popo wote.

Mkuu wetu wa barabara mkoani nilimpigia palepale. Kasema tusitangaze, kesho asubuhi nimpelekee picha. Sawa. Nikampigia na mume wangu, dereva wa lori, yuko safarini na saruji, keshokutwa anarudi kwa daraja hilohilo. Nikamwambia, Baba Pacha, ukifika mtoni simama. Usipite mpaka nikwambie. Akauliza kuna nini. Nikamwambia simama tu.

Nilipokata simu nikaona haya. Mimi nimemlinda wangu. Madereva wengine nao wana wake, ila wake zao hawakupanda kikapuni leo.

Basi kabla jua halijazama nikampigia tena Mkuu. Nikamwambia kesho ni mbali. Akauliza: "Injinia, unajua unaniomba nini? Hii ndiyo barabara kuu. Ni msimu wa mavuno." Nikamwambia najua.  Mwishowe kakubali: polisi wazuie malori mpaka kesho aje aone kwa macho yake. Magari madogo yapite upande ulio mzima, mojamoja.

Ni kidogo. Lakini ni kitu.

Jumatano, 5 Machi

Mkuu amepanda kikapuni! Na goti lake lile bovu, na suruali yake ya pasi. Kipimo alimshika kiuno kama anamfundisha kuogelea.

Nilimwonyesha ufa. Ameuangalia kwa muda mrefu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaangalia tena — kana kwamba kosa lilikuwa la miwani. Halafu akayatazama madoa ya maji yaliyotiririka toka juu. Akasema, karibu kwa kunong'ona, kwamba katika kazi yake ameshuhudia tepe nyingi zikikatwa. "Lakini sijaona mtu akikata utepe kwa sababu tundu la maji limezibuliwa."

Tulipofika chini akatoa simu. Akawapigia wakubwa wa makao makuu mbele yetu, amesimama kwenye matope. Tulisikia sauti ya upande wa pili ikipanda. Yake haikupanda. "Nimeuona mwenyewe," akawa anarudia. "Nimeuona mwenyewe."

Limefungwa kwa malori yote mpaka litengenezwe. Nilitaka kumkumbatia mzee wa watu. Nikamshukuru tu kwa adabu.

Kila mtu aliyesikia habari hii leo kanipiga methali ileile ya ufa na ukuta. Jamani, naijua! Ila nani atanishikia ngazi nikauzibe?

Alhamisi, 6 Machi

Baba Pacha amefika mtoni na saruji yake, kakuta vizuizi. Akanipigia.

"Mama Pacha, eti ni wewe uliyefunga?"

"Ni mimi niliyeomba lifungwe."

Nilisikia honi nyingi nyuma yake.

"Basi nazunguka," akasema, akakata.

Kuzunguka ni ile barabara ya milimani, mashimo matupu. Redio nayo imewasha moto, watu wanapiga simu kunitukana. Mmoja kasema injinia mwanamke ameona panya akadhani ni chui. Mama mkwe akainuka, akaizima. Kasema betri zimechoka. Redio yenyewe ni ya umeme!

Jumapili, 9 Machi

Tumegombana.

Kafika jana, mwekundu kwa vumbi kuanzia kope mpaka viatu. Springi ya lori imekatika milimani. Madereva wenzake wamempa jina jipya — Bwana Kufuli. Akipita wanauliza kama ametembea na funguo. Leo mchana ikamfika shingoni.

"Nimepita pale miaka yote," akasema. "Jumatatu nimepita. Wewe unapanda Jumanne, daraja linaugua Jumanne hiyohiyo?"

"Lilikuwa linaugua kabla sijapanda."

"Mbona halikusema?"

"Lilisema! Hakukuwa na wa kusikia!"

Watoto wakatoka nje taratibu, kila mmoja na mpira wake — pacha, lakini mpira hawashiriki. Mama mkwe akatangaza kwamba yeye hayumo. "Mimi simo kabisa," akasema, akavuta kigoda akajiingiza katikati. Akamuuliza mwanawe: mke wako huyu alipokuwa na mimba ya hawa wawili, nilipomgusa nikasema twende hospitali leo, yeye alikuwa anasikia maumivu? Hapana, kajibu Baba Pacha. Ulininunia? Ndiyo, nilikununia. "Basi ninunie na leo," akasema, "ila saa ya kula imefika."

Tulikula.  Baba Pacha aliniwekea paja la kuku sahanini bila kuniangalia.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwomba Mkuu ruhusa, akakubali bila maswali. Nimempandisha Baba Pacha kikapuni.

Mume wangu ni mtu wa maneno. Anaongea akiendesha, anaongea akinyoa ndevu, anaongea usingizini. Tulipofika chini ya mhimili wa tatu maneno yakamwisha. Nikapuliza rangi upya aone mwenyewe, asije akasema ni picha. Nyekundu ikatokeza. Akaupima kwa vidole vyake. Halafu akaegemeza kiganja chote kwenye chuma, kama anavyompima mtoto homa.

"Huu ulikuwepo Jumatatu ile?"

"Ulikuwepo."

"Na mimi juu. Na mzigo wote ule."

"Na wewe juu."

 Akataka tushuke.

Yaliyofuata kanisimulia Kipimo. Baba Pacha kaenda moja kwa moja kwenye maegesho, malori yamejaa, madereva wamelala chini ya matrela wamekasirika. Hakuhutubia. Kachukua chaki akauchora ule ufa kwenye mlango wa lori lake, urefu uleule, hakuongeza wala hakupunguza. Akasema, hiki ndicho kilichokuwa kinatubeba. Mmoja akasema amechora kwa mapenzi ya mkewe. Wengine wakasogea, wakaweka mikono kupima. Kelele zikabadilika. Hawakuuliza tena limefungwa kwa nini. Waliuliza litapona lini.

Na kwenye chakula kaniambia, bila kuinua macho, kwamba hata mimi naweza kumwita Bwana Kufuli. Jina limeanza kumkaa.

Jumamosi, 15 Machi

Ajabu ya leo! Madereva wamekuja na majembe, kundi zima, Baba Pacha mbele. Wanataka kuzibua matundu ya maji. Wanasema kukaa bure kumewachosha kuliko barabara.

Mkuu alisita — usalama, kanuni. Mwishowe akasema sawa, upande uliofungwa tu, wote wavae helmeti, na mimi nisimamie. Wamechokonoa mpaka adhuhuri. Yametoka mambo! Viatu, kopo la rangi, sufuria, meno ya bandia. Meno yalizungushwa kwa kila dereva kuona kama yanamfaa. Hayakumfaa mtu.

Aliyenitukana redioni alikuwepo. Kajitambulisha mwenyewe, uso chini, jembe mkononi. Nikamwambia panya ni mkubwa, bwana. Akacheka. Tukaendelea.

Jumatano, 19 Machi

Mvua kubwa. Watu wote walikimbilia ndani, mimi nikakimbilia chini ya daraja kama kichaa.

Maji yanatoka kwenye matundu! Kila tundu, mkondo mmoja, yanaanguka wima mpaka mtoni bila kugusa chuma. Nimesimama nikayatazama mpaka viatu vikajaa. Mihimili mikavu. Sikumbuki kuiona mikavu kwenye mvua.

Hiki si kitu cha gazetini. Nakiandika hapa.

Jumatano, 26 Machi

Mafundi wamekuja, na majukwaa, na jeki kubwa kama mapipa. Msimamizi wao ni mama mfupi, mnene, wanamwita Kamanda. Sauti yake inavuka mto bila daraja. Kaukagua ufa, akanigeukia: "Umeupata ukiwa bado unaongea. Wengi huniita ukishapiga kelele."

Kazi ya kwanza — kutoboa. Tundu la duara kwenye ncha ya ufa, ili usiendelee. Pacha wamenibana jioni: mnatoboa daraja ili lipone? Nikachukua karatasi, nikaichana kidogo, nikawaambia vuteni. Ikachanika yote. Nikachana nyingine, mwisho wa mchano nikakata kitundu cha mviringo. Wakavuta. Mchano ukafika pale ukasita. Wamemaliza karatasi zote za nyumba. Mama mkwe anasema hana hata ya kuwashia moto.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Mto umejaa, majukwaa yamesimama bure. Hakuna kazi.

Jumanne, 8 Aprili

Kamanda ameniita mapema. Ufa mwingine, mhimili wa pili.

 Madereva wanahesabu siku, Mkuu amewaahidi wakubwa, na mimi nilikagua mhimili ule mwenyewe! Nikapanda. Ni mdogo, kama ukucha wa mtoto, umejificha chini ya rangi ya zamani. Kamanda alipokwangua rangi ndipo ukaonekana.

Nilimwambia Mkuu moja kwa moja kwamba ulinipita. Hakupandisha sauti. Kauliza tu, huu unahitaji nini? Nikamwambia tundu moja na vibao viwili vya chuma. "Basi upate hivyo," akasema. "Na mihimili yote iliyobaki ikwanguliwe rangi. Nitaomba siku za nyongeza mimi. Kununiwa nimezoea."

Nimeshuka mwepesi. Huu tumeukuta ungali mtoto. Hivi ndivyo inavyotakiwa iwe siku zote.

Jumatatu, 14 Aprili

Jeki zimeinua mhimili kidogo sana, unene wa sarafu tu, lakini daraja zima lilitoa sauti — kama mtu mzima aliyevuliwa kiatu kinachobana. Vibao vya chuma vimekaa pande zote za ufa. Bolti zimekazwa. Kipimo kazipitia zote, kisha kazipitia tena, mpaka Kamanda akamuuliza kama anatafuta mchumba humo.

Popo wamehamia nguzo ya mwisho. Kipimo anasema ni ushindi wake binafsi.

Alhamisi, 17 Aprili

Kikao na madereva. Yamebaki majaribio ya uzito: lori lipande tupu, kisha na nusu ya mzigo, kisha limejaa. Lisimame katikati ya daraja, sisi chini tusome sindano ya mita, tuone chuma kinashuka kiasi gani na kama kinarudi. Mwisho kabisa, malori mawili kwa pamoja, bega kwa bega. Tunahitaji madereva wawili.

Yule wa panya akainuka, kwa heshima, akasema hana ubaya na mtu, lakini yeye ana watoto. Waliolitengeneza ndio waendeshe. Wengi wakaitikia kwa vichwa. Siwezi kuwalaumu.

Kisha mkono mmoja ukainuka nyuma. Niliujua mkono kabla sijaona uso.

Nyumbani nikamfuata mpaka uani.

"Hapana," nikamwambia.

"Hapana nini? Hujui nataka kusema nini."

"Unanionea huruma mbele za watu. Sitaki."

"Mimi huruma yangu haina leseni, Mama Pacha. Leseni ninayo mimi." Akanitazama. "Limepona au halijapona?"

"Naamini limepona. Majaribio ndiyo ya kuthibitisha."

"Sasa mtu apande kwa imani ya nani, kama si ya kwako?"

 Nilikuwa na hofu tu, na hofu si jibu. Mama mkwe kapitia na beseni la nguo, akasema mwanawe alianza kutembea akiwa na miezi tisa na hakuna aliyewahi kumzuia mlangoni. Ati tusisumbuane.

Bado hatujampata dereva wa pili.

Jumamosi, 19 Aprili

Mkuu kaniita. Kasema kibinadamu: nikitaka, Kipimo asome sindano siku hiyo, mimi nikae ofisini. Nikamshukuru. Nikamwambia nitasoma mwenyewe. Kama siwezi kukaa chini yake, kwa nini mtu apite juu yake?

Akatikisa kichwa. Akasema atasimama ukingoni, goti haliruhusu kikapu mara mbili.

Jumanne, 22 Aprili

Naandika kikapuni, daftari juu ya paja. Lazima kila uzito ukae juu muda fulani kabla ya kusoma tena, na nikikaa bure nitatafuna kucha zote.

Asubuhi ilikuwa safi, hakuna mawingu. Watu wamejaa kingo zote mbili. Pacha wako na bibi yao karibu na vizuizi. Madereva wamepanga malori ng'ambo, wamekaa juu ya bodi kama kunguru, mikono kifuani.

Lori tupu — sindano imesogea kidogo, ikarudi pale pale. Nusu mzigo — imesogea zaidi, ikarudi. Imerudi sawasawa! Kipimo, aliye ukingoni na redio ya mkononi, alinifanya niisome mara mbili.

Sasa yuko juu yangu na mzigo wote. Nilisikia magurudumu yakiingia, pole, pole, halafu breki ikapumua. Kazima injini. Sindano ilishuka, moyo nao, ikafika kwenye alama tuliyoikokotoa — ikasimama kabla haijaipita. Imesimama kabisa. Nimeweka kiganja kwenye vibao vya chuma. Hakuna kinachopumua.

Redio imelia. Ni yeye. "Mama Pacha, huku juu kuna upepo mzuri."

Daraja zima limesikia! Mkuu kaingia kwa ukali kwamba redio ni ya kazi.  Kisha sauti ya Mkuu tena, chini kidogo: "Nasikia ni mzuri kweli."

Nimesoma mara ya pili. Sindano haijahama. Nimewaambia. Nimewasikia watu wakishangilia kingo zote mbili, nikawaza pacha wameziba masikio.

Sasa lori la pili. Mkuu ametangaza kwa kipaza sauti: nani atakuja kusimama naye?  Nasikia mto tu. Baba Pacha hakushuka. Amebaki kwenye usukani wake, anasubiri.

Injini imewashwa. Nimeisikia! Ng'ambo, dizeli nzito, ya lori lililojaa. Kipimo anasema ni yule wa panya.

Nyingine imewashwa. Na nyingine. Sasa siwezi hata kuzitenganisha, chuma chote kinavuma kichwani mwangu — na Kipimo anapiga kelele redioni, mmoja tu, jamani, mmoja tu, pangeni foleni —

Naweka kalamu. Yule wa panya anaingia. Sindano inaanza kushuka, polepole, kama ilivyoshuka kwa mzigo wa kwanza.